Kidole cha Wifi

Badri aliinua simu mwanzoni mwa mwezi wa mwisho wa mwaka, wakati wanawake wengine wa mji wa Yazdi hata mapazia walikuwa hawajayafikiria, akampigia Golandam. Alikuwa ameketi jikoni kwenye kiti, miguu ameipandisha juu ya kigoda kwa sababu ya uvimbe, na chai yake ilikwisha kupoa mezani maana alikuwa akiyapanga maneno tangu alipomaliza kusali.

"Golandam, mwanangu, hujambo? Wanao hawajambo?"

"Hawajambo, Bibi Badri. Huyu mdogo tu ndiye kang'oka meno ya mbele, akisema kitu tunacheka nyumba nzima."

"Mlainishie tende. Sasa nisikilize. Nataka uje unitikisie nyumba. Ile wiki ya mwisho kabisa, karibu na Nairuzi."

Ndivyo wanavyosema kule, kutikisa nyumba. Baridi ikianza kulegea, kila kitu kinatolewa mahali pake mpaka kijiko cha mwisho, mazulia yanapelekwa kuoshwa, mapazia yanashushwa, na nyumba inasuguliwa dari mpaka sakafu, ili mwaka mpya usikute hata kinyesi cha nzi cha mwaka wa zamani.

Badri alisikia sufuria ikiwekwa chini upande wa pili.

"Siku hizo ni za Bibi Ozra. Kila mwaka ni zake."

"Mwaka huu kakupigia?"

"Bado."

"Basi si zake. Siku ni ya aliyepiga simu."

"Bibi Badri, wewe ungekuwa wakili."

"Na yale mapazia yangu ya maua utayachukua. Na chakula cha mchana nitakupikia mwenyewe. Si mkate na jibini kama kule."

"Kule ananipa na tango," alisema Golandam.

"Mimi nitakupa nyama."

Wakaagana. Badri aliirudisha simu mahali pake, akainywa ile chai ya baridi yote mpaka chini, na ilikuwa tamu kuliko chai yoyote aliyokunywa msimu ule.

Ozra alikuwa wifi yake, mke wa Habib, na Habib alikuwa kaka yake pekee. Walianza vizuri, wakakopeshana masufuria na kusukana nywele. Kisha ikaja ile siku ya posa ya Mahnaz, binti ya Badri. Ilikuwa karibu na Nairuzi vilevile. Watu wa upande wa mwanamume walikuwa wameketi sebuleni, watu wa heshima, mama mtu amevaa pete ya feruzi, na Mahnaz ameingia na sinia la chai bila kumwaga hata tone. Mambo yalikuwa yanakwenda. Ozra akainuka kama anayetaka kuitazama picha iliyokuwa juu ya rafu, akapitisha kidole chake cha shahada ubaoni kutoka mwanzo hadi mwisho, akakigeuza, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cha kijivu. Hakusema neno. Alitoa kitambaa mkobani, akakifuta polepole, akarudi kuketi. Mama mwenye pete ya feruzi alikitazama kidole, akaitazama rafu, akamtazama Mahnaz. Walipokuwa wakivaa viatu mlangoni alisema, "Basi, tutawapigia simu."

Simu ile haikupigwa mpaka leo. Mahnaz alihamia Shiraz, anafundisha hesabu, na hataki tena kusikia neno posa.

Na kama hilo halikutosha, kila Nairuzi iliyofuata Ozra alipokuja kutoa mkono wa sikukuu, kabla ya kuketi alipitisha kidole. Kwenye rafu, juu ya friji, kwenye ukingo wa televisheni. Alikigeuza, akakitazama, akasema kwa sauti ya upole, "Mwaka huu umejitahidi, wifi." Mji wenyewe umezungukwa na jangwa. Upepo ukivuma asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako mezani. Lakini nyumbani kwa Ozra, kwa sababu ya Golandam na ukali wake mwenyewe, kidole kilitoka cheupe daima. Badri alijua. Alikwisha kukipitisha kwa siri mara nyingi.

Habib alikuwa akiwaona wote wawili na kucheka. "Nyie mtauana kwa vumbi," alikuwa akisema. Alifariki wakati wa makomamanga kuiva, kabla ya baridi kuanza, moyo ulisimama ghafla akiwa anafunga kamba ya kiatu.

Kwa hiyo hii ilikuwa Nairuzi ya kwanza baada yake, na Nairuzi ya kwanza ina taratibu zake. Siku ya mwaka mpya ndugu wote, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine, wanakwenda kwanza kwa mjane. Wote. Hata wale wanaoonekana mazishini tu. Wangeketi sebuleni kwa Ozra, wangetazama huku na huku kama watu wanavyotazama wakiwa hawana la kusema, na Ozra angekuwa hana Golandam. Magoti ya Ozra yameharibika, hawezi kupanda hata kigoda kushusha pazia. Binti yake Samane anashinda kwenye duka la dawa mchana kutwa. Na wiki ya mwisho kabla ya Nairuzi mtu wa kusafisha nyumba ni wa shida kuliko daktari, hupati kwa kulia wala kwa kubembeleza.

Badri alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kupitisha kidole chake kwenye rafu ya Ozra mbele ya ukoo mzima, akigeuze, na kiwe cha kijivu.

*

Golandam alikuja na ndoo zake mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya maji ya siki, na mfuko wa matambara aliyoyakata kwenye mashati ya mumewe. Alikuwa mwanamke mwenye mikono mirefu na mdomo usiopumzika. Alivua soksi, akapandisha suruali, akasimama katikati ya sebule akiitazama fleti kama mtu anayemtazama ng'ombe kabla ya kumchinja.

"Tuanzie wapi, Bibi Badri?"

"Mapazia."

Golandam alitazama dirishani, kisha ukutani, palipokuwa na picha ya Habib yenye utepe mweusi pembeni.

"Mapazia pia? Mwaka huu?"

"Mwaka huu mapazia yana nini? Yamegeuka kuwa kuku?"

"Hapana. Nimeuliza tu."

"Mapazia kwanza," alisema Badri. "Kisha taa ile ya vioo. Kila kioo ukitoe, ukichovye kwenye siki, ukifute kwa gazeti."

Golandam alipanda ngazi, akaanza kuchomoa ndoano moja moja. Hakuuliza tena.

Ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama, na Badri aliitazama yote. Jiko lilivutwa kutoka ukutani, na nyuma yake zikapatikana njugu, kifuniko cha chupa ya dawa, na pini ya nywele ya Mahnaz ya utotoni. Makabati yalitolewa kila kitu. Mitungi ya achari ilifutwa matumbo ikang'aa, biringanya zikaonekana ndani kama zimetiwa jana. Mikunjo ya vile vyuma vya kupashia joto chini ya madirisha ilipitishwa tambara lililozungushwa kwenye kijiti, mkunjo kwa mkunjo. Vioo vya madirisha vilifutwa kwa magazeti mpaka vikalia. Golandam aliimba, akasimulia habari za mama mkwe wake, akala nyama aliyoahidiwa na kusema imelainika.

"Bibi Ozra hajakupigia bado?" Badri aliuliza, kama anayeuliza bei ya vitunguu.

"Bibi Ozra? Aa, tumeongea."

Moyo wa Badri uliruka. "Akasemaje?"

"Akasema haidhuru. Akasema nikufanyie kazi nzuri."

"Akasema hivyo?"

"Hivyohivyo. Akasema, usimwachie hata kona."

Badri alilitafuna neno hilo pamoja na mkate. Aliliona ni kiburi cha Ozra, kiburi cha mtu anayezama na kusema maji ni ya vuguvugu. Alifurahi zaidi.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya chumba cha kulala. Golandam alipotoa vitu ndani ya sanduku la nguo alishika mtandio wa hariri wa buluu, wenye maua madogo meupe pembeni, bado umekunjwa kwenye karatasi ya duka.

"Huu ni mzuri mno. Ni wa nani?"

"Wa Ozra."

Golandam aligeuka kumtazama.

"Mimi ndiye mkubwa wa upande wa Habib sasa," Badri alisema. "Wazee wamekwisha. Siku ya Nairuzi wakitoka kwake wanamleta hapa, na mimi ndiye wa kumvua ule mweusi na kumvika rangi. Asipovuliwa na mkubwa wa upande wa mume, atabaki nao. Na msichana wao hawezi kuolewa mama yake akiwa kwenye weusi."

"Samane. Si wanasema harusi ni mara tu sikukuu zikiisha?"

"Ukumbi wameshashika."

"Basi ni jambo la heri."

"Ni jambo la heri," alisema Badri, na alimaanisha. Alikuwa ameununua mtandio ule kwa moyo safi, akazunguka soko zima kutafuta buluu ambayo Habib angeipenda. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagongana. Kwanza kidole, halafu mtandio. Angemwaibisha, kisha angemvika, na wangekuwa sawa. Na Samane, Badri alimpenda tangu alipokuwa mchanga, akimnyonyesha tende kwa kitambaa.

Ili ukuta usuguliwe, picha ya Habib ilishushwa. Utepe wake mweusi ulikuwa umeshika vumbi, kwa hiyo Badri aliufua, akaupiga pasi, akaurudisha. Picha ilipotundikwa tena kwenye ukuta ule mweupe, kaka yake alionekana kama mtu aliyeingia kwenye duka asilolijua.

Golandam alipokwisha kufunga matambara yake alisimama mlangoni na yale mapazia ya maua kwapani, akaitazama sebule. Taa ya vioo ilikuwa ikirusha vijirangi ukutani.

"Haijawahi kung'aa hivi," alisema. "Mungu amrehemu kaka yako."

*

Siku ya Nairuzi Badri alivaa baibui lake jeusi na viatu vyeusi, akaweka kwenye meza yake tende na halua tu, kama inavyopasa. Hakupanga ile meza ya sikukuu, hakuotesha ngano kwenye sahani, wala hakununua vitamu vya baklava. Alijua adabu ya msiba, usimfikirie vibaya. Halafu akaenda kwa Ozra kwa miguu, pole pole, akihifadhi kidole chake ndani ya baibui kama mtu aliyebeba yai.

Palikuwa pamejaa. Viatu vilifika mpaka kwenye ngazi. Ndani, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, wote weusi, na katikati yao Ozra kwenye kiti chenye mto, magoti yamefungwa kwa kitambaa cha sufu. Pembeni yake alikuwa ameketi mama wa mchumba wa Samane, mwanamke mkavu, mshika dini, anayenyoosha mgongo hata akiwa kwenye kochi. Na yule binamu yao Monir, ambaye kila mkutano wa ukoo yeye ndiye redio.

Badri alipita akiwasalimu, na macho yake yakafanya kazi. Mungu alikuwa amempa zaidi ya alivyoomba. Mapazia yalikuwa na mstari wa kijivu pale yanapokunjana. Vioo vya madirisha vilikuwa na madoa ya mvua ya mwaka jana. Kwenye meza ya redio ya Habib vumbi lilikuwa limelala nene, tulivu, kama shuka.

Alibusiana na Ozra mara tatu. Alikaa kidogo, akala tende. Kisha akainuka kama anayetaka kuitazama picha ya kaka yake iliyokuwa juu ya rafu, na chumba, kama kawaida ya vyumba, kikamfuata kwa macho. Akapitisha kidole cha shahada ubaoni, kutoka mwanzo hadi mwisho, akakigeuza. Kilikuwa cha kijivu mpaka kwenye kiungo. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakiacha pale.

Wote walikiona. Monir aliacha kutafuna.

"Wifi," alisema Badri, kwa upole aliojifunza kwa mwalimu mwenyewe, "mwaka huu hukuwahi?"

Ozra hakuinuka. Alikitazama kile kidole, na machozi yakaanza kumtoka.

"Hilo vumbi," alisema, "lilianza kushuka siku waliyomtoa Habib mlango ule. Samane alitaka kulifuta, nikamzuia. Ile redio aliizima yeye mwenyewe, alama ya kidole chake ilikuwa bado pale chini ya vumbi. Nyumba hii nitaitikisa kwa ajili ya nani? Nimwambie mwaka mpya karibu?"

Mtu mmoja alianza kulia kwenye upande wa wanaume. Monir alijipiga kifuani kwa kiganja, si kwa nguvu.

"Huyo ndiye mke," Monir alisema. "Mama zetu walifanya hivihivi. Mama yako wewe Badri, baba yako alipofariki, hakugusa hata pazia mpaka mwaka ukageuka. Nakumbuka tulikuwa tukiandika kwenye vioo kwa vidole, akatupiga."

"Kweli," akasema mama wa mchumba. "Siku hizi hayapo haya."

Badri alibaki amesimama na kidole chake hewani. Alikumbuka. Alikumbuka vioo vyenyewe, alikumbuka kofi la mama yake, na jinsi mama alivyosema kwamba nyumba inatikiswa kwa furaha, na furaha ya mwaka ule imezikwa. Alikumbuka na Golandam katikati ya sebule akiuliza, mapazia pia? Mwaka huu? Alitafuta kitambaa cha kujifutia, hakukipata, akajifutia kwenye baibui. Likabaki na mstari.

"Basi," alisema Monir, akisimama na kukusanya mkoba wake, "twendeni kwa Badri sasa. Tukamvue huyu maskini weusi."

*

Njia haikuwa ndefu, lakini Badri alitamani ingekuwa ya kwenda Shiraz. Alijaribu kusema mguu unamuuma, wakamshika mkono. Alijaribu kusema chai imekwisha, Samane akasema, "Shangazi, mimi nitapitia dukani." Samane alikuwa amechangamka, amekwisha kuona rangi mwisho wa barabara.

Mlango ulifunguliwa. Jua la adhuhuri lilikuwa linaingia kwenye vile vioo visivyoonekana, likaipiga taa, na taa ikawarushia waombolezaji vijirangi, vya kijani na zambarau, kwenye weusi wao wote. Kulinuka siki na sabuni ya waridi. Sakafu ilikuwa inaonyesha nyuso zao.

Waliingia wakikanyaga kwa ncha za vidole, wakaketi kwenye ukingo wa makochi. Mzee mmoja aliitazama picha ya Habib kwenye ukuta mweupe na ule utepe uliopigwa pasi, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Umesafisha," alisema Monir hatimaye.

Ozra aliingia wa mwisho, amemshikilia Samane. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akapitisha kidole, mwanzo hadi mwisho, akakigeuza, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe kama maziwa. Alikionyesha kwa wote, kwa furaha ya unyenyekevu.

"Safi," alisema. "Hongera, wifi. Mtu akiingia humu hawezi hata kujua kuwa kuna aliyekufa."

Badri alisema anakwenda kutazama maji. Jikoni aliushika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Sinki lilikuwa linang'aa, na ndani yake aliuona uso wake, mfupi na mpana. Nyuma yake alisikia magoti ya Ozra, yale magoti yanayolia kama mlango.

"Nimekuja kukusaidia vikombe," alisema Ozra. Akaufunga mlango kwa mgongo. "Golandam alinipigia simu siku ileile. Akaniambia, Bibi Badri kanishika siku zako, nifanyeje? Nikamwambia nenda. Nenda, msugulie vizuri, usimwachie hata kona."

"Ulijua."

"Wewe ulitaka nionekane mchafu kwenye msiba wa mume wangu. Mimi sikukufanya lolote, wifi. Nimekuacha tu ufanye."

"Na Mahnaz alikufanya nini?"

Ozra alichukua vikombe kwenye kabati, akavipanga kwenye sinia kimoja kimoja, akivigeuza vishikio upande mmoja.

"Yale ya zamani," alisema. "Rafu ilikuwa chafu. Mimi nilikiweka wapi kidole, ndani ya jicho lako? Tubebe chai, watu wanangoja. Na ule mtandio, natumaini si wa kijani. Kijani hakinipendezi."

Akatoka na sinia. Badri alisimama mpaka birika likachemka. Kisha akaenda chumbani, akafungua sanduku, akaukuta mtandio pale juu, kwenye karatasi yake ya duka. Akaushika. Ulikuwa mwepesi, kama hakushika kitu. Alisikia sauti za sebuleni zikinyamaza, maana walikuwa wamesikia sanduku likifunguka, na wote walijua linafunguliwa kwa ajili gani.

Aliurudisha. Akafunga kifuniko, akarudi sebuleni mikono mitupu.

Ozra alikuwa amekwisha kuketi kwenye kiti cha katikati, amelegeza pini ya mtandio wake mweusi chini ya kidevu, tayari. Samane amesimama nyuma yake, mikono mabegani mwa mama. Mama wa mchumba alikuwa mbele yao, amenyoosha mgongo.

"Ndugu zangu," alisema Badri. "Leo nimefundishwa adabu. Nimeingia nyumbani kwa wifi yangu nikaona msiba ulivyo. Mimi nilisahau. Nilidhani miezi imekwenda, tuvue sasa, tuendelee. Nikasugua nyumba kama mjinga. Lakini wifi Ozra ametuonyesha, na nyote mmeona, na Monir amesema, na huyu mama hapa amesema. Mke kama huyu, anayeacha vumbi kwa heshima ya kaka yangu, mimi ni nani nimvue weusi kabla ya mwaka kugeuka? Nitakuwa namtusi. Tutakaa nao, mimi na yeye, mpaka makomamanga yaive."

Ozra alifungua mdomo. Monir akawahi.

"Umesema maneno makubwa," alisema Monir, machozi yanamlengalenga. "Habib anasikia."

"Lakini wifi," Ozra alisema, "Habib mwenyewe asingependa..."

"Asingependa vumbi?" Badri aliuliza. "Si umesema wewe, utaitikisa kwa ajili ya nani?"

Yule mzee aliyekuwa ameitazama picha alitikisa kichwa kukubali. Mwingine akasema mwaka si mbali. Hakukuwa na mlango wa kutokea, maana Ozra alikuwa ameufunga mwenyewe, kule kwake, kwa machozi.

"Shangazi," alisema Samane, kwa sauti ndogo. "Ukumbi tumeshashika."

"Ukumbi hauozi, mwanangu."

Mama wa mchumba alikunywa chai yake mpaka chini, akarudisha kikombe kwenye kisahani bila kelele. Alimtazama Ozra, akaitazama ile pini iliyolegezwa, ambayo Ozra alikuwa ameanza kuifunga tena na vidole vinakosea tundu.

"Heshima ya marehemu ni ya kwanza," alisema. "Hatuna haraka. Mwanangu bado kijana, na mwaka ni mrefu, lolote huweza kutokea." Alisimama, akakung'uta baibui ambalo halikuwa na kitu cha kukung'utwa. Mlangoni, akivaa viatu, alisema, "Basi, tutawapigia simu."

Badri alimtazama Ozra wakati maneno yale yanaingia. Alitaka kuona, na aliona. Rangi ilimtoka kuanzia paji la uso kwenda chini, kama maji yanayoshuka kwenye beseni. Zilipita sikukuu nyingi akilisubiri jambo hili, na lilikuwa zuri kama alivyodhani. Kitu ambacho hakukitaka ni uso wa Samane nyuma ya uso wa mama yake, umeinama, unatazama sakafu, na sakafu ikiuonyesha wote.

*

Jioni Mahnaz alipiga simu kutoa mkono wa Nairuzi. Badri alimsimulia yote, rafu, jikoni, mtandio, mpaka ile sentensi ya mlangoni, na aliitamka kama ilivyotamkwa, kwa mkazo uleule.

"Umefurahi?" aliuliza Badri.

"Samane alikuwa na miaka mingapi wakati ule, mama? Alikuwa akicheza chini ya meza."

"Sikumfanyia Samane. Nimemfanyia mama yake."

"Haya, mama. Kunywa dawa zako."

Badri alikata simu, akakaa kwenye sebule yake inayong'aa, amevaa weusi ambao sasa ulikuwa wake mpaka makomamanga. Hakuna pazia lenye mkunjo mbaya, hakuna kioo chenye doa. Mtu akipita barabarani angeweza kumwona mpaka soksi. Na alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima kwamba yeye na Ozra watakaa na msiba sawasawa. Ndugu watakuja tena siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya, sikukuu zikifungwa, na Ozra pamoja nao, na Ozra atakwenda kwenye rafu kabla ya kuketi.

Aliinuka. Akapitisha kidole ubaoni, mwanzo hadi mwisho, akakigeuza kwenye mwanga wa taa. Cheupe. Golandam, Mungu amlaani na ambariki, hakuacha hata kona.

Nje upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka jangwani, ule wa mwanzo wa mwaka, unaosikika kwanza kwenye paa kama mtu anayemwaga mchele. Badri alikwenda kwenye dirisha moja, akalifungua. Akaenda kwenye la pili. Akayafungua yote, mpaka lile dogo la jikoni, akarudi kuketi chini ya picha ya kaka yake, mikono mapajani, akangoja vumbi liingie.